Though, through, tough: nani kasema haya maneno yanafanana?

Imeletwa karatasi ya tuisheni hapa nyumbani Ngamiani imenitibua mpaka chai imepoa sijainywa. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa MANENO YENYE OUGH, chini safu ndefu: though, through, tough, cough, bough, thorough, thought. Kariri, kesho usome mbele ya wenzio, atakayekosea anajua kitakachomkuta. Mpwa wangu yuko la sita, si mjinga hata kidogo, kaambiwa haya maneno yanafanana, basi kafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili zake angefanya, kashika sauti ya la kwanza kaenda nayo mpaka mwisho. Dho, thro, to, ko, bo. Kosa mstari mzima, wino mwekundu umemwagwa kama wa bure.

Yakhe, yanafanana wapi? Siku ya Idi wanaume wa Ngamiani nzima wako kwenye kanzu nyeupe, kwa hiyo wote baba yao mmoja? Though ni "dho", through ni "thruu", tough "taf", cough "kof", bough "bau", thorough ndo kabisa inaishia na ka-a kadogo kama vile imechoka, thought "thoot". Saba hayo, na hakuna mawili yanayoimba pamoja. Halafu eti kundi.

Kinachoniuma ni kwamba sababu ipo, na ni tamu, na mtoto wa Tanga angeielewa upesi kuliko mtoto wa London. Ile gh haikuwekwa pale kwa urembo. Waingereza wa zamani walikuwa wanaitamka, na sauti yenyewe ni kh, hiihii ya yakhe, ya masalkheri, hiihii ambayo mpwa wangu anaitoa safi kabisa kila alasiri madrasa wakifika kwenye kha. Night ilikuwa na kh ndani, daughter ilikuwa nayo. Wajerumani wanayo mpaka leo, Nacht, Tochter (tulikaa nao hapa Tanga mpaka 1916, wakatuachia neno shule, angalau hilo linasomeka lilivyoandikwa). Waskoti nao wanayo kwenye loch. Waingereza ikawatoka mdomoni polepole, kwingine ikapotea kabisa kama kwenye though, kwingine ikageuka f kama kwenye tough na cough. Sasa William Caxton alikuwa keshafungua kiwanda cha kuchapa vitabu pale Westminster mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi huku midomo ya watu inaendelea kuhama, irabu nazo zikahama, karne mbili tatu hivi, mpaka maandishi na matamshi hayajuani.

Na sie kh yetu wengi imetutoka, tusijifanye. Wazee walisema khabari na khofu, leo habari na hofu. Ila ilipotutoka mdomoni tukaitoa na kwenye maandishi, tukaandika h, mambo yakaisha. Wao wakaiacha imekaa palepale, halafu zaidi ya miaka mia tano baadaye mtoto wa Tanga anachapwa kwa ajili yake.

Mwalimu akiwaeleza watoto hivi, dakika kumi tu, darasa zima linajua tatizo si vichwa vyao. Halafu awapange kwa sikio. Rough, tough na enough wakae pamoja, wote "af". Bought, brought, fought na thought pamoja, na hapohapo awaonye kwamba drought si mwenzao, ni "draut". Waseme kwanza, waimbe, wachekane, kalamu ije mwisho. Sisi tunaanza na kalamu, tena na fimbo pembeni, halafu tunashangaa mtoto anafika fomu wani hafungui mdomo.

Haya, nakubali, zipo orodha za herufi zinazosaidia. Night, light, right, fight, sight, zote "ait", hapo sibishani na mtu. Ila usinogewe, andika weight na height ubaoni uone, zina eight ileile ndani, moja "weit" nyingine "hait".

Najua kuna wa kuniambia sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza kwa hiyo mtoto akaze tu. Ndo maana nimekasirika, mzee. Kingekuwa cha mapambo ningelala. Na nyie mnaorekodi watu wazima wakikosea through na thorough mkawarusha kwenye magrupu mcheke, someni borough kwa sauti kwanza.

Hata wenyewe kimewachosha. Marekani Noah Webster alitoa kamusi 1828, u ya colour akaitupa nje, plough kwao leo ni plow, na kwenye migahawa yao wameandika drive-thru kwa taa kubwa wala hakuna aliyechapwa. Mpwa wangu aandike thru kwenye mtihani wa majaribio, mtanisimulia.

Nimeshamwambia dada hela ya tuisheni ya mwezi ujao asiipeleke palepale. Kama kuna mwalimu Makorora, Chumbageni, hata Pongwe tutapanda daladala, anayefundisha watoto kwa sikio kwanza, tuelekezane. Likizo inaanza na mtoto hataki hata kuiona hiyo karatasi.