Kuni Hazimo

Leo asubuhi, kabla sijamaliza kitumbua cha pili, simu yangu ililia na kuniletea ujumbe kutoka kwa mwenye nyumba tuliyoipanga kule Lushoto, ujumbe ambao baada ya salamu ulikuwa na maneno mawili tu: "Kuni hazimo." Nilidhani amekosea namba. Nikampigia, naye akanieleza, kwa upole wa mtu ambaye amekwishapokea malipo ya awali, kwamba bei tuliyokubaliana ni ya nyumba, vitanda, mablanketi na mandhari, lakini kuni za kuotea moto ni juu ya mgeni mwenyewe, kwa mzigo, kwa kila usiku. Kwa hiyo mimi, mzaliwa wa Tanga, ambaye sina deni lolote na baridi, nalipia nyumba iliyo kwenye baridi, kisha nalipia tena kuni za kuifukuza baridi ileile niliyokwisha kuilipia.

Wazo hili halikuwa langu. Shule zinafungwa mwezi Juni, na mke wangu aliamua kwamba mwaka huu watoto hawatashinda barazani wakigombania simu, bali watapelekwa mlimani wakaonje kipupwe cha kweli. Nilimkumbusha kwamba kipupwe tunacho hapahapa: kusi likivuma, watu wazima hujitanda khanga alfajiri, na mimi mwenyewe mwezi Julai uliopita nilizima feni usiku mzima. Aliniangalia jinsi anavyomwangalia fundi bomba anayedai kwamba bomba halivuji.

Wajerumani walipouita mji ule Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, angalau walikuwa na sababu. Walikuwa watu wa baridi walioletwa kuungulia pwani, na reli yao kutoka hapa Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, waliopata nafasi walipanda kwenda kupumua hewa iliyofanana na ya kwao. Mimi nakwenda kupumua hewa ya kwa nani? Jirani yangu, Msambaa aliyeshuka kutoka Mlalo akiwa kijana na akaapa kutopanda tena mwezi wa sita, aliposikia habari hizi aliweka kikombe chake chini, akauliza kwa huzuni, "Unakwenda kuifuata ile niliyoikimbia?"

Mama mkwe wangu yeye hakuuliza kitu. Alikuja na chupa ya mafuta ya karafuu, akaiweka mezani, akatamka neno "kichomi" mara tatu, akaondoka.

Watoto ndio waliobaki na furaha. Kitinda mimba anataka kutoa moshi mdomoni bila kuvuta sigara, na hana haja nyingine. Wa pili ameuliza kuhusu theluji, nikamjibu kwamba theluji ni ya Kilimanjaro na kwamba bajeti yetu inaishia Usambara. Kifungua mimba, ambaye mwalimu wake amemharibu kwa maarifa, alikaa na kalamu akanithibitishia kwamba joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, na kwa kuwa Lushoto ipo kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, tutapoteza zaidi ya nyuzi nane za joto. Nilimwomba, kama mtu mzima kwa mtu mzima, asimwambie bibi yake.

Hayo yote ningeyavumilia. Tatizo ni koti.

Mimi nina msuli wa kulalia, mashati matano ya ofisini na kanzu ya Ijumaa. Katika maisha yangu yote sijawahi kumiliki nguo ambayo kazi yake ni joto, kwa kuwa joto nimelikuta limekwisha kufika. Basi Jumamosi iliyopita, saa saba mchana, nilikwenda Ngamiani kwenye mitumba, nikiwa na nia ya kununua sweta moja la heshima na kurudi nyumbani kwa chakula. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama juu ya rundo aliponisikia nikitaja Lushoto, alitupa masweta pembeni kana kwamba yamemtukana, akachomoa koti la zambarau lililovimba kama godoro la watu wawili, lenye manyoya kwenye kofia.

"Ami, hili ndilo. Belo la Ulaya, limefunguliwa leo asubuhi. Shilingi 18,000, na hiyo ni kwa sababu ya mvi zako."

Nilimwambia kwamba naliona kubwa. Akanijibu kwamba koti halimjui mtu mpaka limvae, na kabla sijaitafakari falsafa hiyo, mkono wangu wa kulia ulikuwa umekwisha kuingia. Akanizungusha, akauingiza wa kushoto, akapiga magoti kama anayemvalisha bwana harusi, akashika zipu na kuivuta kwa mkupuo mmoja mpaka kidevuni. Nilisikia sauti ndogo, kama ya mtu anayetafuna karanga bovu. Zipu ilikuwa imeuma kitambaa cha ndani.

Mwanzoni sote wawili tulichukua hali ile kwa ustaarabu. Yeye alivuta chini, mimi nikatazama juu na kuzungumza habari za machungwa ya Muheza. Alivuta tena. Jasho likaanza safari yake kutoka kisogoni, likapita mgongoni bila haraka, likafika kiunoni na kukuta hakuna njia ya kutokea. Nilijaribu kulivua kwa juu kama kanzu, likakwama kwenye masikio, na kwa muda ambao sikuweza kuupima nilikuwa mtu mwenye mikono miwili hewani na kichwa ndani ya giza lenye harufu ya dawa ya nondo. Waliponishusha, nilikuta watu wameongezeka. Fundi viatu wa jirani alikuja na kipande cha mshumaa, akaisugua zipu kwa makini ya daktari. Mama ntilie alileta mafuta ya kula ndani ya kifuniko cha chupa. Mtu mmoja ambaye hakuwa na kifaa chochote alisimama tu na kutoa maelekezo.

Ndipo ilipotokea kwamba lazima tuzungumze bei. Katika heshima yote niliyoweza kuikusanya nikiwa na manyoya puani, nilimtamkia shilingi 10,000. Kijana alinitazama, akalitazama koti, akatazama umati, kisha akasema kwamba bei imekuwa 25,000.

"Ulisema 18,000!"

"Nilisema kabla hujavaa, ami. Sasa mtu mwingine nitamwuziaje, na wewe umo?"

Umati uliafiki. Hata fundi viatu, ambaye nilimdhani yuko upande wangu, alitikisa kichwa kukubali. Sina hakika kama kuna mtu amewahi kupatana bei akiwa amefungwa ndani ya bidhaa yenyewe, lakini nawashauri wanaojiona hodari wa kupatana wajaribu. Nililipa. Katika mfuko wa koti nilikuta glavu moja ya mkono wa kushoto, nikapata faraja kidogo, nikauliza ilipo ya kulia. Akanijibu kwamba ya kulia ipo, na ni shilingi 3,000.

Wakati ule ule alipita mzee mmoja tunayeswali naye safu ya kwanza. Aliniona nimesimama juani ndani ya godoro la zambarau, nalowa, natetemeka kwa hasira. Hakuuliza neno. Aliniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, Mungu akuafu," akaenda zake. Nilipanda bodaboda, na dereva akaniomba nisimwegemee sana kwa sababu homa nyingine huambukiza. Nilipofika nyumbani, shangazi yake mke wangu alikuwa amekwisha kupiga simu kutoka Chumbageni kuuliza nimelazwa wodi gani. Koti lilikatwa kwa mkasi sehemu ya chini, na tangu siku hiyo linavuliwa kwa kichwa, kwa msaada wa watu wawili, mmoja wao akiwa amesimama juu ya kiti.

Bado kuna barabara. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za kona, na watoto wangu hutapika hata kwenye daladala la Raskazone lililosimama, kwa hiyo tumetenga ndimu za kunusa na mifuko ya kutosha kufungulia duka. Mama mkwe, ambaye alikuwa haafiki safari hii, juzi ametangaza kwamba atakwenda nasi ili awepo kichomi kitakapoanza, na ameagiza siti ya dirishani.

Na sasa ni hizi kuni. Nilimwambia mke wangu kwamba tutaokota zetu msituni, nikaambiwa na kifungua mimba kwamba msitu wa Magamba ni hifadhi na kwamba baba yake asijaribu. Mke wangu alifikiri kidogo, akaenda uani, akarudi na gunia. Tuna vifuu, alisema. Vifuu vya nazi vinawaka kuliko kuni yoyote ya mlimani, tunavitupa kila siku, na tukianza kuvikusanya leo tutapata gunia mbili kabla ya safari. Nilimweleza kwamba tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyebeba kitu cha kuwasha moto kutoka Tanga kukipeleka Lushoto. Akanijibu kwamba pia hakuna aliyenunua koti lisilofunguka.

Nimempigia kondakta wa basi kumuuliza kama gunia mbili za vifuu zinahesabiwa mzigo. Alikaa kimya, kisha akauliza tupo wangapi. Nikamwambia watu wazima watatu, watoto watatu, gunia mbili, na koti moja ambalo huenda likahitaji siti yake.

"Mzee," akasema, "mnahama?"