Acheni kuchinja vitabu

Juzi nimekutana na tangazo la mnada: karatasi moja ya Abudarham, kitabu cha Kiebrania cha kufafanua sala za Kiyahudi, Lisbon 1489, imetiwa ndani ya fremu, "inapendeza ukutani ofisini". Ofisini! Siku ikaniharibikia papo hapo.

Wenzangu mnaofuatilia mambo haya mnakijua kitabu chenyewe. David Abudarham alikimaliza Sevilla mwaka 1340, amechoka kuona watu wanasali bila kujua wanachosema. Akafafanua sala, baraka na Haggada, yaani masimulizi yanayosomwa usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, akatia hadi majedwali ya kalenda. Eliezer Toledano akakichapa Lisbon. Haikupita hata miaka minane, mfalme Manuel akaamuru Wayahudi watoke Ureno, na mwaka 1497 wengi wakabatizwa kwa nguvu. Abraham Saba, mwanazuoni aliyekimbilia huko kutoka Kastilia, Hispania, aliposikia kwamba kukutwa na kitabu cha Kiebrania ni kifo, alikwenda akafukia maandishi yake chini ya mzeituni. Nakala ya Abudarham ikaponea katika hayo yote, halafu ije kufia kwa dalali mwenye wembe?

Hesabu ya madalali wanaokata vitabu naijua: kitabu kizima mteja mmoja, karatasi mia wateja mia. Lakini ufafanuzi wa sala hausomeki hivyo. Mwandishi anakurudisha alikokwisha kueleza, na huko kumeshauzwa bara jingine. Jedwali la kalenda bila maelezo yake linabaki herufi za kupendezea macho. Vitabu vya Italia ndiyo balaa zaidi: saini ya mkaguzi wa Kanisa, aliyepitia vitabu vya Wayahudi na kufuta asiyoyapenda, mara nyingi iko mwishoni, majina ya waliokimiliki mwanzoni. Kata hapo, nani atajua tena kilipitia kwa nani?

Wanaoosha madoa ya nta na divai ili kurasa zing'ae, zamu yao inakuja.

Haya, nakubali shingo upande: nakala nyingine zimetufikia magofu, hazina kichwa wala mkia, na karatasi iliyoachana na wenzake zamani haina kosa. Nunua. Lakini Jack Lunzer, mkusanyaji wa vitabu vya Kiebrania aliyekuwa na uwezo wa kuuza chochote, alitaka maktaba yake ya Valmadonna isitawanywe, na mwaka 2017 sehemu kubwa ilichukuliwa kwa pamoja kwa ajili ya Maktaba ya Taifa ya Israeli. Kwa hiyo inawezekana. Muulize muuzaji karatasi ilitoka kitabu gani, lini, na nyingine ziko wapi. Akianza kumung'unya maneno, rudisha pochi mfukoni.