Mgeni wa redio apewe masafa, apunguziwe wati

Anayepata leseni yake ya kwanza ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana kwa burudani na si kwa biashara, mara nyingi hupokelewa na ukimya. Amesoma, amefaulu, amepewa alama ya mwito, amenunua redio ndogo ya mkononi. Anabonyeza kitufe, anajitambulisha kwenye ripita, kituo kinachopokea sauti na kuirusha tena mbali zaidi, na hakuna anayeitika. Akirudi jioni anawakuta wazee wachache waliozoeana wakisimuliana magonjwa yao. Muda si mrefu redio inaishia kabatini, na mimi simlaumu.

Wenzangu wakikutana hubishana kama mtihani uwe mwepesi au mgumu. Naona hapo tunapoteza muda. Mtihani wa Technician, daraja la kuanzia nchini Marekani, una maswali 35, ukipata 26 umefaulu, na maswali yote huchapishwa mapema pamoja na majibu yake. Kinachowapoteza watu ni kile wanachokikuta baada ya kufaulu.

Mtazame huyo Technician. Kwenye bendi nyingi, yaani makundi ya masafa, zilizo juu ya megahezi 50 anaweza kurusha hadi wati 1,500, nguvu ambayo sijui mwanafunzi ataifanyia nini. Ila kwenye masafa mafupi, ambako mawimbi hurudishwa chini na ionosfia, tabaka la juu la angahewa, na kuvuka bahari, sauti yake inaruhusiwa katika kipande kimoja tu cha bendi ya mita 10 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake), megahezi 28.3 hadi 28.5. Kwenye mita 80, 40 na 15 anaruhusiwa kupiga Morse peke yake, ilhali mtihani wa Morse ulifutwa huko mwaka 2007! Na hiyo mita 10 nayo inategemea mzunguko wa jua wa miaka 11 hivi. Aliyepata leseni wakati jua lina madoa mengi anaongea na mabara mengine kwa kipande cha waya. Aliyeipata jua likiwa limetulia anaweza kukaa siku nyingi akisikiliza mvumo.

Uingereza waliligeuza jambo hili. Leseni yao ya Foundation, iliyoanza mwaka 2002, inamfungulia mgeni karibu bendi zote za masafa mafupi, ila kwa nguvu ndogo: wati 10 hapo mwanzo, na 25 tangu mwaka 2024. Mimi niko upande wao. Kushuka kutoka wati 100 hadi 25 ni desibeli 6 tu, takriban alama moja ya S, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye kifaa cha anayekusikiliza. Hasara hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na kunyimwa bendi nzima.

Kama ningeulizwa, mgeni angepata walau mita 20 kwa ajili ya mchana na mita 40 kwa ajili ya usiku, kwa sauti na kwa mitindo ya kidijitali. FT8, mtindo wa kidijitali wa kubadilishana ujumbe mfupi kwa kompyuta uliotoka mwaka 2017, hunasa mawimbi yaliyozama chini ya kelele, kwa hiyo hata mwenye antena mbovu hupata jibu kutoka mbali. Wapo wakongwe wasioihesabu kuwa mazungumzo. Wana hoja, lakini anayeanza anahitaji kwanza ushahidi kwamba mawimbi yake yanafika.

Hoja ya kwamba akipewa mengi mapema hatapanda daraja sijawahi kuielewa. Anayeitwa na kituo cha mbali, kisha akakipoteza kwa sababu nguvu haikutosha, huyo ndiye atakayefungua kitabu kusoma habari za antena na uwiano wa mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena badala ya kurushwa. Daraja la juu limwekee wati zaidi.

Na kwenye mtihani wenyewe ningepunguza maswali ya kukariri, nafasi yake ichukuliwe na zoezi: mtahiniwa asikilize kama masafa yako wazi, aite, abadilishane ripoti na kituo halisi akiwa chini ya usimamizi, kisha aandike mawasiliano hayo kwenye daftari la kituo. Atatoka chumbani akiwa ameshasikika.