Mama wa Mzunguko wa KFA Hakukosa Akili, Alikosa wa Kumfundisha

Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja na nusu jioni, nilikuwa nangoja kuvuka barabara karibu na mzunguko wa KFA hapa Nakuru. Gari dogo lilikuwa limezima pale pale penye mdomo wa mzunguko. Mama aliyekuwa kwenye usukani aliliwasha, likaruka hatua moja, likazima tena. Mara tatu. Honi zililia mfululizo. Makanga mmoja akashuka, akaigonga boneti kwa kiganja: "Mama, rudisha gari nyumbani!" Watu wakacheka, na miongoni mwao walikuwamo wanaume wa umri wa baba yangu.

Nilimwendea dirishani. Alikuwa analia. Nikamwambia, "Pole, mama. Kanyaga breki, kanyaga klachi mpaka chini, toa gia, kisha uwashe. Usiwaangalie hao, angalia kulia kwako tu." Alitoka. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, lakini alitoka.

Tangu siku hiyo nina hasira, na makanga yule amebeba sehemu ndogo tu ya hasira hiyo. Nyingi naielekeza kwa namna tunavyofundishwa udereva.

Sote tumesimama mbele ya ile meza ya mji wa mfano, na kigari cha kuchezea mkononi, tukieleza nani ampishe nani. Mimi niliikariri vizuri. Nilijua kwamba kwenye mzunguko unawapisha walio ndani tayari, wanaokujia kutoka kulia. Mtihani nikaupita. Lakini shule niliyosomea haikunipeleka Kenyatta Avenue, katikati ya mji, hata siku moja. Tulikuwa wanne ndani ya gari moja, tukipokezana usukani kwenye barabara ya vumbi ambako aliyetukaribia zaidi alikuwa ng'ombe. Kisha nikapewa leseni inayoniruhusu kuingia katikati ya jiji siku ya mwisho wa mwezi, mvua ikinyesha, boda boda kushoto na mkokoteni wa viazi mbele. Meza ya mbao haina boda boda. Haina mtu anayekupigia honi kabla hujaachilia breki.

Kwa miezi miwili baada ya leseni niliogopa mjini. Nilikuwa naacha gari mtaa wa Section 58 na kumalizia safari kwa miguu. Aliyeniokoa ni jirani yangu, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote. Alinichukua Jumapili saa moja asubuhi, avenyu ikiwa tupu, tukazunguka mpaka nikajua kila leni inakoishia. Wiki iliyofuata tukaenda Jumamosi saa tatu. Halafu siku ya kazi, mchana. Ijumaa jioni aliiacha mwisho kabisa, nikiwa tayari naijua barabara na kilichobaki kigeni ni watu tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba woga wangu haukuwa umbile langu. Nilikuwa nimepewa mambo matano mapya kwa wakati mmoja, na yeye aliyatenganisha.

Na alinifundisha jambo ambalo sijalisikia kwa mwalimu mwingine yeyote: "Binti yangu, barabarani kujiamini ni kueleweka." Chagua leni mapema, kabla ya mzunguko, si ukiwa ndani. Washa indiketa kabla ya kukanyaga breki. Ukiona nafasi inakutosha, ingia bila kusita, kwa maana aliye nyuma ameshaamini kwamba unaingia. Ukikosea njia ya kutoka, zunguka tena. Mzunguko hauna mwisho na hakuna anayekudai. Kabla ya kukata kushoto tazama kioo cha kushoto, halafu geuza shingo, kwa sababu boda boda hupita upande huo hata pasipo na njia. Hata upole una mahali pake. Yule anayesimama ghafla katikati ya mzunguko ili ampishe mtu anafikiri anatenda wema, kumbe amevuruga hesabu ya madereva kumi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dereva wa mjini lazima awe mkali. Anayechomeka pua ya gari kwa nguvu hajiamini kunishinda. Anategemea breki zangu. Mwendo wa mjini kisheria ni kilomita 50 kwa saa, na jioni hata 20 huzifikishi, kwa hiyo ubabe huo unamfikisha kwenye foleni ile ile.

Nitakiri hili, ingawa kwa shingo upande: madereva wetu wa matatu wanaisoma barabara kuliko wengi wetu. Dereva wa njia ya Pipeline au Njoro anajua mtu atavuka kabla mwenyewe hajaamua. Ujuzi huo ninauheshimu. Ninachokataa ni kuutumia kumdhalilisha anayejifunza.

 

Leo ninawaomba wenye shule za udereva, na ninaomba kwa moyo wote: mwanafunzi asifike mbele ya mtahini kabla hajaingia mjini na mwalimu wake pembeni, mara nyingi, kwa saa tofauti, mara moja angalau wakati wa msongamano. Nakuru si kijiji. Tangu tarehe 1 Desemba 2021 ni jiji kwa hati, na magari yake ni ya jiji. Mkiona mafuta ni ghali, tuongezeeni karo. Tutalipa. Mama yule wa Ijumaa angelipa.

Kabla hatujaachana alinipa nambari yake. Jumapili hii, saa moja asubuhi, tunakutana kwenye mzunguko ule ule.