Kilima kisicho na michoro nacho kihesabiwe

Mtu akikwambia anakwenda Kondoa kutembea, ujue anakwenda kuona michoro ya kale iliyo kwenye miamba ya Kolo. Sijawahi kumsikia anayesema anakwenda kutazama mawe. Mawe Dodoma ni bwerere: ukijenga unakutana nayo, ukichimba choo unakutana nayo, na fundi anapandisha bei kwa sababu yake. Tumeyazoea mpaka hatuyaoni. Nimetoka Kolo nikiwa na msimamo ambao baadhi yenu mtaubishia: cha kwanza cha kustaajabia kule juu ni mwamba wenyewe, michoro imekuja baadaye.

Siku hizi lami inakufikisha Kolo bila jasho. Unapita Kondoa mjini, unaendelea na barabara ya Babati, unasimama kijijini kulipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Hapo lami inakuacha na jasho linaanza. Kipande cha mwisho ni kwa miguu, mlima umesimama, na ukivaa ndala utajuta.

Ukifika juu, mwongozaji atakuelekeza kwenye picha, na kweli zinavutia: watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, wanyama wa porini, na juu yao picha nyeupe nzito za watu waliokuja baadaye. Lakini kabla ya kuangalia ukuta, angalia chini. Kuna mstari ardhini pale matone ya mvua yanapodondokea kutoka ukingo wa mwamba. Nje ya mstari, udongo umechimbika na majani yameota. Ndani yake ni vumbi kavu. Ukuta umeinama kuja mbele kiasi kwamba mvua inapita bila kuugusa, na ndiyo maana rangi iliyopakwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita bado ipo. Mahali ukingo ulipomeguka, maji yameteremka na kuifuta. Waliochora hawakuchukua jiwe lolote lililokuwa karibu, walichagua.

Nikamuuliza mwongozaji, mtu mzima, "Mzee, haya mawe yalipasukaje hivi?"

"Mwanangu, mimi nimefundishwa picha," akanijibu. "Mawe tumeyakuta."

Simlaumu. Ndivyo tulivyopanga mambo yetu. Eneo lile lilitangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey akaja kunakili michoro mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza Kondoa kwenye Urithi wa Dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336. Hatua hizo zilichukuliwa hasa kwa ajili ya rangi. Wanaokumbuka mwamba ni wenyeji. Pale Mungomi wa Kolo watu bado wanafanya matambiko ya mvua na uponyaji, na mtu anayepanda na shida yake hapandi kutazama picha. Anafuata mahali penyewe. Kwa hili naona wametuzidi akili sisi wenye kamera.

Jibu la swali langu ni refu, lakini kwa mawe tuliyonayo hapa Dodoma mjini linaelezeka. Granaiti yetu ni ya zamani kupita kiasi, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Iliganda chini sana ardhini, ikiwa imekandamizwa na mzigo wa miamba mingine. Mzigo ule ulipoliwa polepole na mvua na upepo, jiwe likapumua, likatanuka na kupasuka kwa matabaka yanayobanduka kama maganda ya kitunguu. Nyufa nyingine zikakata wima. Maji yakaingia humo na kuozesha jiwe, yakianza na pembe, kwa sababu pembe hushambuliwa kutoka pande tatu kwa mpigo. Pembe zikiisha, linabaki jiwe la mviringo lililozungukwa na mchanga. Mchanga ukisombwa na mvua, unaona lile jabali kubwa kuliko nyumba limekaa juu ya jingine, na wewe unaapa kwamba kuna mtu alilipandisha. Hakuna aliyelipandisha. Kilichoondoka ni kila kitu kilicholizunguka.

Kazi hiyo yote inaharibiwa kwa wiki chache tu na moto wa kuni, mtaimbo na nyundo.

Nazungumzia kokoto. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, Dodoma inajengwa usiku na mchana, na zege halichanganywi na maombi. Pembeni ya mji utawaona kina mama chini ya turubai, jiwe limeshikwa ndani ya pete ya mpira wa tairi lisiruke, nyundo inashuka, chungu ya kokoto inapanda. Sina ugomvi nao hata kidogo. Wengi wamesomesha watoto kwa nyundo ile. Ugomvi wangu ni kwamba sikijui kilima tulichokitenga kwa kukipenda tu. Jabali likiwa na mchoro mwekundu lina sheria ya kulilinda. Lisipokuwa nao, lina bei ya tripu.

Hata Isimila kule Iringa, zile nguzo za udongo na mchanga zilizosimama korongoni kama zimechongwa, zimepata ulinzi kwa sababu ya zana za mawe za watu wa kale zilizookotwa hapo. Mwanza ndiyo walau wanajisifia mawe bila kisingizio, Jiwe la Bismarck likiwa ziwani wameligeuza sura ya mji. Sisi makao makuu tunapiga picha ya harusi mbele ya ukuta wa hoteli, jabali tumeligeuzia mgongo.

Na tusiambiane haiwezekani. Ukiwa juu kule Kolo unaona makorongo mekundu yaliyokatwa na maji, na yanakumbusha kwamba mkoa huu huu ulikuwa na mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kuanzia mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko ili udongo upone. Ng'ombe wa watu! Aliyeweza kumwambia mfugaji atoe ng'ombe hashindwi kumwambia mwenye mashine ya kusaga mawe asogee.

Ninachotaka ni kidogo. Vitengwe vilima vichache ndani ya jiji, vile vyenye majabali yaliyopandana na mibuyu katikati, pimbi wabaki na nyumba zao, iwekwe njia ya kupandia na kibao cha Kiswahili kinachoeleza jiwe lilivyofika pale. Kiingilio kiwe cha mwanafunzi wa shule ya msingi. Wataniuliza kokoto zitatoka wapi. Zitatoka chini. Granaiti hii imelala chini ya sehemu kubwa ya tambarare tunayoikanyaga, na machimbo yanaweza kufunguliwa mbali na makazi, penye mwamba usio na umbo la kumsimamisha mtu njiani.

Na ukienda Kolo, usimwagie michoro maji ili picha itoke vizuri. Bado wapo wanaofanya hivyo.