Siku Diwani Alipoondoka na Msuli Wangu

Diwani ni mwanangu. Ana miaka miwili na miezi minne. Jina lake halisi ni la babu yake mzaa mama, na mama yake hataki lichezewe, kwa hiyo mimi namwita Diwani tangu alipojua kutembea. Ukimwona akitoka mlangoni utaelewa. Anapungia mkono kila kibaraza, anaingia nyumba za watu bila hodi, anakula alichotengewa mwenye nyumba, kisha huyoo, kaenda zake, na kurudi mpaka apende mwenyewe.

Tunakaa Mikindani, kama kilomita kumi kabla hujafika Mtwara mjini ukitokea Lindi. Aliyepita hapa kwa basi ameiona ilivyokaa: nyumba zimepanda mlima, vichochoro vyote vinateremka, na vyote vinakutoa kwenye barabara kuu. Ng'ambo ya barabara ndiyo bahari, na huko ndiko kuliko na mitumbwi, nyavu, samaki na paka, yaani kila kitu anachokipenda Diwani. Sasa weka na malori ya msimu wa korosho yanayokwenda bandarini, halafu niambie kama mzazi wa huku analala.

Mwaka 1866 Livingstone alishukia kwenye ghuba yetu hii na ngamia, nyati, punda na msururu wa watu, akaanza safari ya bara. Wengi walimtoroka njiani. Nilipokuwa shule nilimwona yule mzee mzembe. Mtu mzima gani anatorokwa na msafara wake? Siku hizi namwonea huruma. Mimi nilitorokwa na msafara wa mtu mmoja wa kilo kumi na mbili, tena akiwa amefungwa.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mabibo yameiva. Mke wangu alikuwa anakwenda Lindi kwenye harusi ya binamu yake, analala huko, anarudi kesho yake. Kabla hajaondoka alinikalisha kibarazani kama anayekabidhi ofisi.

"Ukitoka naye mshike kifundo cha mkono, siyo vidole. Vidole vikipata jasho vinachomoka kama dagaa. Yeye atembee upande wa nyumba, wewe upande wa magari. Bajaji ikirudi nyuma, mbebe kabisa, dereva hamwoni mtu wa kimo cha magoti. Na hiyo simu ifutike, usitembee unaitazama."

Akamvalisha fulana ya rangi ya chungwa ili aonekane toka mbali. Akachukua kalamu ya wino, akamwandikia namba yake ya simu mkononi, kuanzia kiwiko kushuka chini, kama gunia linalopelekwa ghalani. Mwisho akasema, "Au jifunge mbeleko tu, yaishe."

Nikacheka. Mimi mwanaume mzima, nipite mbele ya vijana wa bao nimefunga mbeleko?

Nilikuwa na mpango wangu. Kuna mwaka mzungu mmoja, mgeni wa pale Boma (lile ngome la Wajerumani la mwaka 1895, sasa ni hoteli), alipita sokoni na mtoto aliyevishwa mikanda kifuani, mkia wa mkanda kaushika mama mtu. Mji mzima ulicheka. Mimi nilicheka kuwapita wote, nikauliza kama jioni humtafutia na majani. Nilikuwa sijazaa bado. Basi mke alipokwisha panda gari, nikafungua sanduku lake, nikatoa kanga moja iliyoandikwa MDHANIAYE NDIYE SIYE, nikaikunja kwa urefu ikawa kama kamba nene. Ncha moja nikaizungusha kifuani mwa Diwani, chini ya kwapa, fundo likakaa mgongoni asikofika. Fundo lile lilikuwa la haki. Nilimfunga kama ngalawa inayosubiri kusi. Ncha ya pili nikaizungusha kiganjani.

Tukateremka. Ili asivute vute, nikambunia na mchezo: mimi bajaji, yeye dereva. Anashika vidole vyangu viwili kama usukani, anasema "kulia", naenda kulia, anasema "piii", napiga honi. Wenye vibaraza wakafurahi sana. Bwana mmoja akaniuliza namuuza shilingi ngapi mbuzi huyo. Sikumjibu, bajaji haijibu.

Barabara tulivuka vizuri, nimembeba, nimetazama pande zote mara tatu. Lau ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kusimulia.

Pwani nilimkuta kijana ana changu wazuri. Sasa samaki hanunuliwi kwa mkono mmoja. Lazima umgeuze, umbonyeze, umfunue matamvua uone kama bado mekundu, na huku mkono mwingine unatoa hela taratibu ili muuzaji aone uchungu. Nikahitaji mikono yote miwili. Nikatazama huku, nikatazama kule, nikaona pa kufungia kanga: kwenye msuli wangu. Nikapenyeza ncha kwenye pindo la kiunoni, nikaizungusha na kitambaa cha msuli chenyewe, nikafunga fundo.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa. Msuli hauna mshipi. Msuli unakaa kwa kukunjwa na kwa imani. Na simu niliifutika humohumo, kama nilivyoagizwa.

Nimefika kwenye tamvua la samaki wa pili, nikasikia kengele ya baiskeli ya muuza lambalamba, kule barabarani.

Sikuvutwa. Ningevutwa ningejua. Nilihisi upepo tu. Upepo wa bahari, mzuri, kwenye mapaja. Kijana wa changu akatazama chini, akatazama juu, akanirudishia hela yangu bila kusema kitu. Kugeuka, namwona Diwani anakata mchanga kuelekea barabarani, fulana ya chungwa inawaka, nyuma yake kanga, nyuma ya kanga msuli wangu wote, umetanda kama mkia wa gauni la bibi harusi.

Nilikuwa nimebaki na bukta. Ni bukta ya mpira, ya kijani, namba saba kwenye paja, na nyuma ina matundu ambayo mke wangu huyaita chandarua. Kwa miaka mitatu amekuwa akiniomba niitupe.

Nikakimbia. Hapa sitanii: nilisikia lori linashuka kutoka upande wa Lindi, na kati ya mwanangu na lami zilibaki hatua kama kumi. Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Watu wote pwani wakainua vichwa. Nao waliona nini? Mtoto anakimbia, na jibaba nusu uchi linamfukuza.

Pembeni mwa barabara, chini ya mkungu, kuna bibi anauza mihogo ya kukaanga. Yule bibi hakusimama. Hakuweka hata upawa chini. Diwani alimpita mbele, kanga ikampita, na msuli ulipofika usawa wake akanyoosha mguu akaukanyaga. Basi. Kanga ikakaza, Diwani akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kitako mchangani. Lori likapita, vumbi likatufunika wote. Bibi akageuza mihogo yake.

Nilifika nikihema, maneno hayatoki. Malezi lakini ni malezi, kwanza kabisa nikasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nguo iko wapi?"

"Hiyo uliyokanyaga."

Hakuinua mguu. Vijana wa nyavu wakawa wameshafika, mmoja kashika kasia, na sikuipenda alivyolishika.

"Ntoto wa nani huyu?" bibi akauliza.

"Wangu."

"Sijakuuliza wewe." Akamgeukia Diwani kwa sauti ya asali. "Mume wangu, unaitwa nani?"

Mwanangu, ambaye nyumbani humwambii sema maji akasema, safari hii alijibu waziwazi: "Diwani."

Minong'ono ikapita. "Mtoto wa diwani!" "Kaiba mtoto wa diwani!" Mwenye kasia akasogea hatua moja.

"Na huyu ntu hapa," bibi akaninyooshea upawa unaochuruzika mafuta, "huyu nani?"

Nikamtazama mwanangu machoni. Nilimwomba kwa nyusi. Nilimkumbusha kimoyomoyo usiku wote wa homa ya meno, nilivyozunguka naye uani mpaka jogoo akawika. Akanitazama vizuri, akatabasamu kwa mapenzi yote aliyonayo, akasema:

"Bajaji."

"Dereva wa bajaji!" mtu akadakia. "Kampakia mtoto wa watu!"

Nikaanza kueleza mambo ya usukani na honi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi mwenye kichaa. Bibi akainama, akaikunjua kanga, akasoma maandishi kwa sauti, neno moja moja: "Mdhaniaye. Ndiye. Siye." Akatikisa kichwa. "Hata nguo imekataa."

Nikasema nampigia mama yake sasa hivi. Nikashika kiuno. Simu ilikuwa kwenye msuli, na msuli ulikwisha kokotwa pwani nzima.

Aliyeniokoa ni mtoto wa kike wa miaka kama minane, mjukuu wa bibi. "Ameandikwa mkononi," akasema. Kweli, mkono ulikuwa na namba, ila Diwani asubuhi alikula bibo, na maji ya bibo yalikuwa yameshuka mpaka kiwikoni yakafanya lao. Tarakimu moja ilikuwa nane, au tatu, au mchanga. Wakapiga kwa tatu. Akapokea mwanaume, yuko Newala anapima korosho, akasema yeye hajapotelewa na mtoto, lakini kama mtoto ni mkubwa kiasi cha kubeba gunia wamtume. Wakapiga kwa nane. Simu ikawekwa sauti kubwa. Taarabu nyuma, vigelegele, halafu sauti ya mke wangu.

"Haloo?"

"Mwanangu," bibi akasema, "umeacha ntoto huku Mikindani? Fulana rangi ya chungwa?"

Taarabu ikasogea mbali. Alikuwa ametoka nje. "Ndiyo mama. Ni mzima?"

"Nzima, anakula muhogo. Lakini tumenkamata na mwanaume. Anadai ni baba yake. Hana nguo."

Kimya. Kisha mke wangu akauliza, polepole, kama mtu anayejua jibu na anaogopa kulisikia:

"Hana nguo kabisa, au ana bukta?"

"Ana bukta."

"Ya kijani?"

Bibi akanitazama. Watu wote wakanitazama. "Ya kijani."

"Mgeuze."

Sikungoja kugeuzwa, niligeuka mwenyewe. Bora heshima ya mwisho iondoke kwa hiari.

"Mwanangu," bibi akasema kwenye simu, "hii siyo bukta, hili tenga."

"Huyo ndiye," mke wangu akasema. "Mwachieni."

Nasikia kule Lindi harusi ilisimama kwa muda. Mama mkwe alikuwepo. Shangazi zake walikuwepo. Siku hizi nikienda ukweni hakuna anayeniuliza habari za kazi.

Bibi akainua mguu, nikapewa msuli wangu. Simu aliileta mvulana mmoja, aliikuta mchangani katikati ya dagaa walioanikwa, na mpaka leo chaja ikiingia inatoa harufu ya mboga. Kijana wa changu naye akaja na samaki wangu, akanipunguzia elfu moja bila kuombwa. Nadhani ilikuwa rambirambi.

Nilipotaka kumshika Diwani mkono tuondoke, bibi akakataa. "Inama." Nikainama. Akampandisha mwanangu mgongoni, akaizungusha ile kanga, akaikaza chini ya kifua changu kwa fundo ambalo nusura livunje mbavu, akanipiga kofi la bega. "Sasa nenda."

Nikapanda mlima wa Mikindani na mbeleko, samaki mkono mmoja, mkono mwingine umeshikilia msuli. Vijana wa bao waliacha kete. Hakuna aliyesema kitu, na hilo ndilo liliuma zaidi. Mgongoni dereva wangu alikuwa ananipiga kisigino mbavuni na kusema, "Kulia. Kulia. Piii."

Nikapiga honi. Ningefanyaje?

Jumapili jioni mke wangu alirudi. Akamkagua mtoto kuanzia utosi mpaka kisigino, akamfuta wino mkononi, kisha akanigeukia. Hakuuliza habari. Alisema neno moja tu: "Lete."

Jumatatu asubuhi niliamka nikamkuta Diwani amepiga magoti sebuleni, anasukuma kitambaa kilicholowa kwenye sakafu, anazunguka miguu ya meza kwa kasi. Kijani. Namba saba imekaa juu. Akaniona, akasimamisha chombo chake, akanionyesha kwa kidole.

"Bajaji," akasema.