Kabichi na Wapambe Wake

Mapishi ya kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, yanaanza kwa unafiki: chukua kabichi moja. Moja tu! Kabichi ya Kikorea haiji peke yake, jamani. Inakuja kama bibi harusi, na wapambe wote wanataka nauli.

Tuanze na bibi harusi mwenyewe. Siyo chainizi ya mafungu, ni ile kabichi ndefu ya kilo mbili na nusu. Inapenda baridi, ndiyo maana kiangazi Wakorea wanailima juu milimani, mkoani Gangwon. Joto likizidi inaoza, bei inapaa. Mwaka 2010 ilipita won 10,000 (won ndiyo pesa yao) kabichi moja, hadi Rais wa Korea Kusini wa wakati huo, Lee Myung-bak, akasema mezani kwake iwekwe kimchi ya kabichi ya mviringo. Wananchi wakamjia juu, maana ya mviringo nayo ilikuwa haishikiki! Septemba 2024 joto likarudia mchezo, serikali ikaagiza kabichi China, shehena ya kwanza tani 16. Korea hiyo, inaagiza kabichi.

Ukishailipia, unaambiwa uitoe maji. Unaipasua, unanyunyiza chumvi ya mawe gramu 200 hivi katikati ya majani, nyingi iende kwenye mashina meupe kwa sababu ndiyo manene. Saa sita hadi nane, ukigeuza kila baada ya saa mbili. Karibu robo ya uzito inaishia kwenye sinki, maji uliyoyanunua kwa bei ya mboga. Kisha kunja shina: likipinda bila kukatika, tayari. Likilia kach, bado. Wenye haraka wanaponzwa hapa: maji yaliyobaki yanatoka baadaye ndani ya chupa, viungo vinakuwa mchuzi, kabichi inalegea. Na chumvi laini ya mezani usiiguse, inaingia upesi mno, utakula bahari. Suuza mara tatu, chuja saa nzima.

Sasa wapambe. Gochugaru, yaani pilipili ya Kikorea iliyosagwa, gramu 100, ambayo inaleta rangi kuliko ukali. Eti mtu anaokoa hela kwa kutia gramu 100 za pilipili kichaa! Hiyo ni kesi ya polisi. Vitunguu saumu punje kumi na mbili, tangawizi kijiko cha chai, figili nyeupe nusu kilo ikatwe vijiti, vitunguu majani. Uji wa unga wa mchele unaonata, vijiko viwili kwa kikombe cha maji, ili viungo vishike kwenye majani, upoe kwanza. Sosi ya dagaa vijiko vitano vya chakula, uduvi wa chumvi viwili. Uduvi! Ukishatiwa kwenye kichupa chenye maandishi ya Kikorea, unabadili tabia na bei.

Paka kila jani, shindilia, lakini chupa iishie robo tatu. Bakteria wanatoa gesi, na chupa iliyojaa itatapikia kabati zima. Kwenye nyuzi 20 siku moja au mbili nje zinatosha. Kwenye joto la Dar, nusu siku hadi siku nzima, halafu friji. Kabichi izame kwenye maji yake. Utando mweupe laini unaenguliwa. Ukungu wenye manyoya, mwaga yote, hata kama roho inauma. Na harufu? Wakorea wana friji za kimchi peke yake, zinazokaa karibu na nyuzi sifuri. Zilivuma tangu friji ya chapa ya Dimchae ilipotoka mwaka 1995. Kabichi ina friji yake, na kuna mwenye nyumba anayegombania nafasi ya maji ya kunywa.

Kinachokera zaidi ni kumwona mtu anaimwaga kimchi ikishachacha kupita kiasi. Hiyo ndiyo ya kupikia supu! Mbichi mbichi ukiipika inatoa supu isiyo na msimamo. Kaanga kitimoto chenye mafuta gramu 200 (asiyekula atumie tuna ya kopo, Wakorea wenyewe wanafanya hivyo, ila aitie mwishoni), tia kimchi kuukuu gramu 300, kaanga dakika tano mpaka ilainike. Ongeza maji yake vijiko vinne, na nusu lita ya maji ya kuoshea mchele, yale ya mkono wa pili. Hayo angalau ni ya bure. Chemsha dakika ishirini. Ukali wa uchachu ukizidi, sukari kijiko kimoja cha chai. Tofu iingie dakika tano za mwisho, na mwiko uweke mbali: ukikoroga inavurugika, na tofu nayo ina bei yake.